Picha ya Shangazi

Siku niliyompiga Shangazi picha sebuleni kwetu, nilianza kwa kufunga mapazia na kuzima taa ya dari. Balbu ile ilitoa mwanga wa manjano, kiasi cha Kelvin 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga), ilhali balbu za softiboksi zangu, yale masanduku ya kitambaa cheupe yanayolainisha mwanga, zilikuwa Kelvin 5,500, karibu sawa na jua la mchana. Zikiwaka pamoja, shavu moja hutoka la manjano na la pili la buluu, na kuzisawazisha baadaye kwenye kompyuta ni kazi ya kukatisha tamaa.

Shangazi alikaa kwenye stuli, mbali kidogo na ukuta, miwani yake usoni. Hakuwahi kuipenda picha yake hata moja.

"Mwanangu, mimi nina uso," aliniambia, "ila kamera hazijapata kuuona."

Maneno yale yaliniingia. Shangazi ni mweusi hasa, na katika picha zake zote paji lilimeremeta huku sehemu nyingine zikizama gizani. Ndivyo ifanyavyo flashi ndogo ya kamera: inaacha doa kali jeupe pale ngozi inapong'aa, basi. Ngozi nyeusi inataka chanzo kikubwa cha mwanga, ili mng'ao utandae na kuchora umbo la shavu, pua na kidevu. Kumwongezea mtu mweusi ukali wa taa, kama wafanyavyo wapiga picha wengi, ni kumnyima haki yake.

Kwa hiyo softiboksi ya sentimita 60 kwa 90 niliisogeza hadi kama mita moja kutoka usoni pake, upande wake wa kushoto, juu ya usawa wa macho, ikiinamia chini. Wengi huirudisha nyuma wakidhani mwanga utalainika. Ni kinyume kabisa. Sanduku likienda mbali, kwa uso linakuwa dogo, na kivuli cha pua kinapata ukingo kama wa kisu. Tena nguvu yake hushuka upesi: umbali ukiwa mara mbili, inabaki robo.

"Haitanichoma hii?"

"Haichomi, Shangazi. Ni LED."

Akanyoosha mkono akakigusa kitambaa cheupe cha mbele, akaridhika.

Kazi ilikuwa kwenye miwani. Kila kioo kilibeba mraba mweupe uliofunika jicho. Mwanga huruka kwa pembe ileile uliyojia, hivyo niliipandisha stendi, kisha nikamwomba ainue kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ili vioo viinamie sakafuni. Miraba ikahama. Macho yakafunguka, na katika kila mboni kikabaki kimulimuli kidogo, nukta ya mwanga wa taa, upande wa juu. Picha ya mtu isiyo na kimulimuli hicho mimi siihifadhi.

Softiboksi ya pili sikuiwasha. Taa mbili zenye nguvu sawa, moja kila upande, hufuta umbo la uso. Upande wa kivuli niliegesha bodi nyeupe tu ya kurudisha mwanga, nikaisogeza na kuiondoa hadi kivuli kikalainika na pembetatu ndogo ya mwanga wa softiboksi ikaonekana wazi chini ya jicho lake la kulia. Mpangilio huo unaitwa kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, aliyependa kuangaza nyuso hivyo. Kamera niliiweka hivi: lenzi ya milimita 85, tundu la lenzi f/4, kasi ya sekunde 1/125, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 400.

Nilipiga huku akinisimulia habari za dada zake. Nilipomwonyesha kioo cha kamera, alivua miwani akakisogeza karibu na macho. Akapitisha kidole kwenye mstari unaoshuka kutoka puani hadi mdomoni.

"Huu ni wa mama. Sikujua kama ninao."

Kisha akaiweka miwani mezani, akarudi kwenye stuli bila kuambiwa, akaniagiza nipige nyingine bila miwani. Nikaishusha stendi kidogo, maana sasa hapakuwa na vioo vya kukwepa.