Ndoo za Maji Juu ya Hema

Mama alikubali niende Jinja kwa sharti moja: kaka yake alikague hema kwanza.

Ilikuwa Agosti 2019. Mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tulikuwa tumeshajipanga kwenda Nyege Nyege, tamasha la muziki lililoanza Uganda mwaka 2015, kando ya Mto Nile. Watu hupiga kambi hapo siku nne, na muziki haulali. Nyumbani tulilitaja kama tamasha la Jinja, ikatosha. Mama naye alikuwa na habari zake. Mwaka uliotangulia alikuwa amesikia kwamba waziri wa maadili wa Uganda, Padri Simon Lokodo, alilipiga marufuku siku chache kabla halijaanza, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Lakini marufuku haikumsumbua sana. Kilichomnyima usingizi ni watoto wa kike wawili kulala nje, nchi ya watu, ndani ya kitambaa.

Sisi tulivutwa na singeli. Huku Mwanza tuliisikia kwenye daladala na kwenye harusi, midundo 200 na zaidi kwa dakika, na wazee wakiiita kelele. Kumbe vijana wa Mburahati, Dar es Salaam, walioitengeneza kwenye studio za uswahilini walikuwa wanaitwa Jinja, na watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwasikiliza. Nilitaka kuwepo. Nilitaka kuuona muziki wa kwetu ukipigwa mbele ya watu waliotoka mbali kuufuata, nao wakiupa heshima yake.

Hema tulilipata soko la Mlango Mmoja, mtumba wa kijani, la watu watatu, zipu nzima, vigingi pungufu.

Mjomba alikuja Jumamosi asubuhi. Miaka ya 80 alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kambi ya Oljoro, kwa mujibu wa sheria, kama vijana wote waliomaliza kidato cha sita enzi hizo, na mambo ya Oljoro hayakumtoka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Liko wapi?"

Chai aliikataa hadi kazi iishe. Kwetu ni Mabatini, nyumba zimepanda mlima katikati ya mawe, na Agosti ardhi imekauka kiasi kwamba kigingi cha kwanza kilipinda kabla hakijazama nusu. Binamu yangu akataka tuhamie kwenye kichanga cha jirani. Mjomba akakataa. Akaokota jiwe la ukubwa wa kichwa, akalizungushia kamba ya hema, akaivuta mpaka ikakaza, halafu akaweka jiwe jingine juu ya kamba yenyewe, karibu kabisa na lile la kwanza. "Huko kwenye mvua kigingi kitaingia chenyewe, na kitatoka chenyewe," akasema. "Jiwe halitoki." Akatufanya tufunge na kufungua kila kona mpaka tukaweza bila kutazama mikono.

Kisha akageukia turubai tulilotandika chini. Lilikuwa limezidi hema pande zote, na tulijiona tumefanya la maana. Akatuonyesha kwa kidole njia ya maji: yatatelemka kwenye ukuta wa hema, yatadondokea kwenye turubai lililojitokeza, yataingia chini yenu. Tukakunja kingo zote zikaingia ndani kwa upana wa kiganja.

Halafu akaomba ndoo.

"Kaka, hayo ni maji ya kufulia," mama akasema. Bomba lilikuwa la mgao, na pipa ndilo lililotuvusha wiki.

"Nitakuletea mengine. Ingieni ndani, nyie. Fungeni zipu."

Tukaingia. Alipanda juu ya kigoda na kumwaga ndoo nzima kwa mkupuo. Nakumbuka ile sauti, na binamu yangu akinishika mkono kama vile tumeshafika Jinja na radi imeshapiga. Mjomba akauliza kutoka nje: "Wapi?" Ndani tukitafuta kwa vidole. Mshono wa nyuma, juu ya dirisha, ulikuwa unatoa tone baada ya tone, na kona ya mlangoni ilikuwa imelowa. Tulitia alama kwa chaki, tukatoka, tukaacha jua lifanye kazi. Hema lilipokauka akatupa mshumaa: tusugue kila mshono nje na ndani, tuukandamize kwa kidole gumba mpaka nta iingie kwenye matundu ya sindano, na tukimaliza tupitishe kwenye zipu nayo, itelezeke. Ndoo ya pili ilipomwagwa, mshono wa nyuma ulikuwa mkavu. Kona ilitoa jasho kidogo. Tukairudia.

Watoto wa mtaa mzima walikuwa wameshajaa. Mzee jirani akasimama kwenye jiwe lake na kuuliza kama hawa mabinti wanakwenda jeshini.

"Wanakwenda ngomani," mjomba akajibu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alilichukulia jambo letu kwa uzito ule. Baba yake, babu yangu mzaa mama, alikuwa mcheza ngoma wa kundi la Bagalu. Usukumani, mavuno yakiisha, Bagalu na Bagika walikutana kushindana kwa siku nyingi, kila upande unacheza wakati uleule mbele ya umati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Hapakuwa na mwamuzi mwingine. Babu alitembea kwa miguu kwenda huko na kulala nje na wenzake, na bibi ndiye aliyemfungia chakula cha njiani. Mjomba alitusimulia hayo akinywa ile chai, iliyokuwa imepoa. Singeli hakuipenda, na aliniambia wazi. Lakini kwenda mbali kuifuata ngoma, na kulala huko, hilo kwake halikuhitaji maelezo.

Mama baada ya hapo hakusema tena habari ya kubaki. Alikaanga dagaa wakavu kabisa, akawachanganya na karanga za kukaanga, akafunga kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza. Akaongeza khanga mbili, chandarua, dawa ya chumvichumvi ya kuharisha, na kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano akaziweka pamoja na pasi za kusafiria, kwa sababu mpakani Mutukula wanaziuliza. Mjomba akatupa sahani yake ya bati. Ya kulia, na ya kuchimbia.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu na ya kawaida: kivuko cha Busisi, Bukoba, Mutukula, Kampala. Uwanja mwaka ule ulikuwa upande wa Njeru, kabla hujavuka daraja la kuingia Jinja. Tulipita sehemu tambarare zilizoshajaa mahema, tukapanda mpaka penye mteremko mdogo usio na mti juu yake, na kwa sahani ile tukachimba mfereji mwembamba upande wa juu wa hema, umepinda, ncha zake zikielekea chini pande zote mbili. Majirani zetu, vijana wa Kampala, walitutazama kwa mshangao.

Mvua ilikuja usiku wa pili, ile ya Ziwa Viktoria inayoanza kwa upepo. Tulilala. Asubuhi vijana wale walikuwa wanakausha magodoro kwenye kamba, wakaja kuomba sahani, na tukachimba pamoja, wao wakituuliza kwa Kiswahili chao cha taratibu na sisi tukiwaonyesha maji yatokako.

Siku iliyofuata mjomba akapiga simu. Aliuliza mfereji tulichimba upande gani, nikamwambia wa juu. Akauliza kona ya mlangoni, nikamwambia kavu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na nani alivuta watu?"

Nikamweleza kwamba majukwaa yalikuwa mengi, yote yakipigwa kwa pamoja, na kwamba usiku wa manane vijana wa Mburahati waliposhika kipaza sauti niliona watu wakiacha majukwaa mengine na kuja mbio kwenye tope, mpaka pale tuliposimama hapakuwa na nafasi ya kuinua mkono.

"Basi wameshinda," mjomba akasema, akaniuliza kama dagaa bado wapo.