Keti kwanza, vifaranga baadaye

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Somo la wiki hii ni Luka 14:28-30. "Maana ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama, kwamba anavyo vya kuumalizia?" Tuseme wazi tangu mwanzo: Yesu hapa hafundishi biashara. Anawaambia makutano wanaomfuata kwamba kumfuata kuna gharama. Lakini mfano aliouchukua ulikuwa wa kweli kwa wasikilizaji wake, na kila mmoja alikuwa amewahi kupita mbele ya msingi uliota majani. Sisi pia tunapita mbele yake kila siku. Kwetu mara nyingi ni banda la kuku lenye wavu mzuri na bati jipya, na ndani yake kuna baiskeli mbovu na magunia ya mkaa.

Mtu wa mnara, yule aliyeweka msingi akashindwa kumaliza, hakuwa mvivu, wala maandiko hayasemi kwamba alipungukiwa imani. Fedha ya msingi alikuwa nayo. Kitu ambacho hakufanya ni kuketi. Tutafakari kuketi huko kwa mfano wa kuku wa mayai, maana ndilo wazo linaloletwa kwenye maombi kuliko mengine, na ndilo linaloacha mabanda matupu mengi.

Karatasi ya kawaida huandikwa hivi: kuku 100, mayai 100 kwa siku, trei tatu na ushee, mara bei ya trei, mara siku 30. Jibu linapendeza mno. Makosa yamo kwenye kila kipengele. Ukileta vifaranga 100, hesabu kwamba 95 watafika kutaga, na hapo ni kama umewalea vizuri. Hao 95 hawatagi kila siku. Kundi lililotunzwa vyema linaweza kupita asilimia 90 kileleni, karibu wiki ya 26 hadi 30, halafu linashuka polepole. Kwa mwaka mzima wa kutaga, asilimia 80 ni makadirio mazuri. Hiyo ni mayai 76 kwa siku, yaani trei mbili na mayai 16. Karatasi ilisema mayai 100. Tayari robo ya mapato imeondoka kabla hujanunua msumari.

Kipengele kizito zaidi ni kile ambacho karatasi haikukiandika kabisa, nacho ni muda. Kuku wa mayai huanza kutaga kati ya wiki ya 18 na ya 20. Mpaka hapo kila mmoja amekula karibu kilo 7 na nusu. Kwa kuku 95 hiyo ni mifuko 15 ya kilo 50. Na yai la kwanza halimaanishi kwamba kundi limeanza kujilisha. Linahitaji wiki tatu nyingine kufika nusu ya utagaji, na hizo zinakula mifuko minne hadi mitano zaidi. Kwa hiyo mwenye kuku 100 anatakiwa awe na fedha ya mifuko 20 ambayo haitagusa ada, msiba wala harusi, kwa muda wa miezi mitano na nusu ambamo kundi bado haliwezi kujilisha.

Hapa ndipo mnara unapokwama, na hukwama mahali palepale: kati ya wiki ya 12 na ya 16. Fedha ilikwenda kwenye bati, saruji na vifaranga, vitu ambavyo majirani wanaviona. Chakula kimeachiwa "Mungu atafungua njia". Mfugaji anaanza kupunguza kipimo, au anachanganya pumba tupu ili mfuko ufike mbali. Kuku hawafi, na kwa hiyo anadhani ameokoa. Ila mtetea anayekuzwa na njaa hafikii uzito wake, anachelewa kutaga wiki nyingi, na kilele chake hakifiki palipotakiwa hata ukimlisha vizuri baadaye. Hasara ya wiki ya 14 inaonekana wiki ya 28, na wakati huo lawama zinamwangukia aliyeuza vifaranga, au jirani mwenye kijicho.

Mkopo wa kikundi unazidisha tatizo hili kwa wengi wetu. Marejesho huanza baada ya mwezi, kuku anataga baada ya miezi mitano. Hakuna maombi yanayozifanya tarehe hizo mbili zikutane. Mwenye fedha ya mkopo wa namna hiyo afikirie kuku wa nyama, ambao huuzwa wakiwa na wiki tano hadi sita, au aanze na mitetea waliokaribia kutaga. Hao ni ghali kwa kichwa, lakini wewe hujalipia safari ya miezi mitano kwa fedha ya watu.

Sasa hesabu ya kila siku. Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Tuchukue 120: kuku 95 wanakula kilo 11.4, mfuko unakwisha kwa siku nne na kidogo. Gawanya kwa mayai 76, zidisha kwa 30, utapata kwamba trei moja imekula kilo 4 na nusu. Ongeza robo tatu ya kilo kwa ajili ya chakula alichokula kabla ya kutaga, maana zile kilo 7 na nusu zinagawanywa kwenye trei kama 10 atakazotaga kwa mwaka. Ongeza tena robo ya jumla hiyo kwa ajili ya vifaranga, chanjo, maranda, umeme, trei na nauli. Utafika karibu kilo 6 na nusu. Basi nenda dukani uulize bei ya kilo moja ya chakula, izidishe kwa sita na nusu, kisha uulize bei ya jumla ya trei sokoni kwenu. Bei ya jumla, siyo ile ya reja reja uliyolipa jana dukani. Kama trei hainunui zaidi ya kilo 6 na nusu za chakula, mradi huo unakula fedha, na bado hujajilipa mshahara hata wa siku moja. Utagaji ukishuka hadi asilimia 60, chakula cha siku peke yake kinapanda hadi kilo 6 kwa trei. Mtu mwenye hesabu hii mkononi haogopeshwi wala hadanganywi na semina za kuhamasisha ufugaji.

(Wakumbukao wimbi la kufuga kware lililovuma Kenya 2013 na 2014 wanajua semina zinafanya nini. Wafugaji wengi walikuwa wanauza kwa watu waliotaka kuanza kufuga, na wanunuzi wa namna hiyo walipokwisha, mayai yalibaki.)

Kuna jambo la pili la kuhesabu, na linauma kuliko fedha. Warumi 12:3 inamtaka kila mtu asinie makuu kupita inavyompasa, bali awe na nia ya kiasi. Mstari huu hutumiwa kuwanyamazisha watu wenye ndoto, jambo ambalo si haki yake. Paulo anaendelea hapo hapo kuzungumza juu ya karama mbalimbali na jinsi ya kuzitumia. Nia ya kiasi ni kujipima kwa mizani isiyokupunja wala kukupendelea. Kwa mfugaji, mizani hiyo ina maswali ya kawaida kabisa. Je, wewe ni mtu wa kuanza au mtu wa kurudia? Kuku hawamhitaji mtu wa kuanza. Wanamhitaji mtu anayeweza kuosha vyombo vya maji asubuhi ya leo, kesho, na asubuhi ya siku 500 zijazo, pamoja na ya Krismasi. Je, unaweza kudai deni bila kugombana, na bila kusamehe kwa aibu? Je, nyumbani kwako neno "hapana" linasikika kwa ndugu anayeomba trei ya bure kila Jumamosi? Je, unaandika, au unakumbuka?

Usijijibu mwenyewe. Muulize mwenza wako, au mtu mliyewahi kufanya naye kazi, na umwombe asikuonee haya. Halafu kuna kipimo kizuri kuliko maneno. Mithali 24:27 inamwambia mtu aitengeneze kwanza kazi yake ya shambani, ndipo ajenge nyumba. Kwa hiyo, kabla ya banda, uza mayai ya kuku usiowafuga. Nunua trei 10 kwa bei ya jumla, uzipeleke kwa wauza chipsi, mama lishe na maduka ya mtaani, kwa wiki nne, ukipandisha hadi trei 18, maana hicho ndicho kiasi ambacho kuku 95 watakupa kila wiki. Andika yaliyopasuka, yaliyolipwa taslimu, yaliyokopwa, na siku ngapi deni lilichukua kurudi. Mwisho wa mwezi, ikiwa theluthi ya fedha bado iko mikononi mwa wateja, umegundua tatizo lako kwa gharama ya trei chache badala ya mifuko 20 ya chakula. Na ikiwa ilipofika wiki ya tatu ulianza kuona uvivu wa kwenda, hilo nalo ni jibu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mshirika mzuri wa mwenye banda: yeye atafute soko, mwingine arudie yale ya kila asubuhi. Kukiri hivyo si kushindwa.

Nehemia, aliyeujenga upya ukuta wa Yerusalemu, ni mwalimu mzuri wa mpangilio huu. Tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, karibu miezi minne, alikuwa kwenye kufunga na maombi. Lakini mfalme alipomuuliza anataka nini, hakusema "tutaona". Alitaja muda, akaomba barua za kupita kwa maliwali, na barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe miti. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta, wala hakumwambia mtu. Ukuta ulimalizika kwa siku 52. Tunapenda kuhubiri zile 52. Ule ukaguzi wa usiku, lango kwa lango, tunauruka.

Ukaguzi wa mfugaji unaanza na vifaranga. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, likipunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Usipokuwa na kipimajoto, watazame: wakirundikana chini ya taa au jiko wana baridi, wakikimbilia ukutani na kufungua midomo wamezidiwa, wakitawanyika sawasawa umepatia. Kisha magonjwa ya kuambukiza: chanjo ya kideri huanza karibu siku ya 7 na ya gumboro karibu siku ya 14, kisha hurudiwa kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo wa eneo lako. Ndui hufuata wakiwa na wiki sita hadi nane, na kideri hurudiwa kila miezi mitatu. Wengi huchanja na bado kuku wanakufa, kwa sababu chanjo iliwekwa kwenye maji ya bomba yenye klorini, au ilibebwa mfukoni juani, au waliinywa polepole kutwa nzima. Maji yawe safi yasiyo na dawa. Kuku wanyimwe maji saa moja au mbili kabla, na chanjo iishe ndani ya saa mbili. Eneo nalo: kuku watano kwa mita moja ya mraba kwenye maranda, kwa hiyo 100 wanataka mita za mraba 20. Ukiwabana watadonoana, na kuhara damu kutaanzia kwenye maranda yaliyolowa chini ya vyombo vya maji.

Mithali 27:23 inataka tuwe na bidii ya kujua hali ya makundi yetu. Kwenye banda hilo ni daftari la shilingi mia chache lililotundikwa mlangoni, lenye safu za tarehe, waliokufa, kilo za chakula, mayai, yaliyouzwa. Mayai yakipungua siku tatu mfululizo, daftari litakuonyesha kabla ya macho.

Daftari hilo pia ndilo linalosema lini uache, jambo ambalo watu wa imani huliona gumu. Kuku wa wiki 78 anakaribia mwisho wa faida yake, na anayewaweka wakongwe kwa huruma anawalisha kwa fedha ya kundi lijalo. Wauzwe wakati watu wanatafuta kuku. Anayetaka kuwauza Desemba ahesabu kurudi nyuma miezi 18, vifaranga waingie Juni ya mwaka uliotangulia. Mayai ya kwanza yatakuja Oktoba au Novemba. Maana yake banda liwe tayari Mei, mteja wa kwanza ajulikane Aprili, na kuketi kuwe sasa, na kalamu mkononi, baada ya sala.