Kilio Kilichofika Mkutanoni

Neno la wiki: Nehemia 5:1–13

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Kitabu cha Nehemia, liwali aliyesimamia ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu, tumezoea kukifungua kwa ajili ya ukuta huo. Tukihimizana kujenga, tunasoma sura ya nne, mjenzi kashika kazi mkono mmoja na silaha mkono wa pili. Tukitaka kushangilia, tunakimbilia sura ya sita, ukuta umekwisha kwa siku 52. Sura ya tano iliyo katikati huwa tunairuka. Wiki hii naomba tukae humo, kwa sababu humo nimewaona ndugu zetu wanaojitolea katika vita dhidi ya umaskini: wale wanaokusanya sahihi mlangoni ibada ikiisha, wanaoandika barua kwa mbunge, wanaokwenda nyumba kwa nyumba jioni wakiwa wamechoka na kazi zao za mchana.

Sura inaanza hivi: "Ndipo palipokuwa na kilio kikuu cha watu, na cha wake zao, juu ya ndugu zao Wayahudi." Tazama kilio hicho kinamlalamikia nani. Maadui wa nje walikuwepo, akina Sanbalati na Tobia, na siku zote walikuwa wakitisha. Siku hiyo hakuna aliyewataja. Watu wanawalilia ndugu zao wenyewe. Wengine wanasema, sisi na wana wetu tu wengi, tupewe nafaka tupate kuishi. Wengine wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa fedha za kulipia kodi ya mfalme. Mwisho wanataja jambo ambalo mzazi hulisema akiwa ameinamisha kichwa: baadhi ya binti zetu wamekwisha kutiwa utumwani, na hatuna la kufanya, kwa maana mashamba yetu yako mikononi mwa wengine.

Njaa, mkopo, rehani, kodi, mtoto. Kila aliyewahi kukaa karibu na familia iliyozama kwenye deni anaujua mteremko huo, na anajua kwamba kila hatua ilionekana ya lazima siku ilipochukuliwa. Na watu hawa hawakuwa wamekaa bure. Walikuwa wakijenga ukuta ule ule tunaouhubiri, tangu alfajiri hadi nyota zionekane, huku nyumba zao zikiwaponyoka. Tunaposikia mtu akisema maskini ni maskini kwa sababu hafanyi kazi, tumkumbushe walikuwa wapi watu wa sura ya tano wakati wanalia. Walikuwa kazini.

Nehemia aliposikia, alikasirika sana. Nashukuru kwamba Neno halikuficha hasira hiyo. Lakini hakuropoka. Alifanya shauri na nafsi yake kwanza, ndipo akawakabili wakuu na kuwaambia waziwazi kwamba wanawatoza riba ndugu zao. Kisha akakusanya mkutano mkubwa juu yao.

Hapo kwenye mkutano ndipo nataka tukae zaidi. Nehemia hakuwa bahili. Mwishoni mwa sura tunasoma kwamba mezani pake walikula watu 150, na kwamba kwa miaka 12 hakula chakula alichostahili liwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Angeweza kutosheka na hilo. Angeweza kuongeza viti mezani, akalala akiwa na dhamiri safi, na wageni wake wangemsifu. Ila aliona kwamba meza ya watu 150, hata iwe imejaa vipi, hairudishi shamba lililochukuliwa wala haimrudishi binti nyumbani. Kilicholeta njaa ile kilikuwa ni mpangilio wa watu, umekubaliwa na watu, una faida kwa watu fulani wanaojulikana kwa majina. Mpangilio wa namna hiyo huvunjwa hadharani, mbele ya walioumia na walionufaika kwa pamoja.

Mapadre na wachungaji wengi wamejifunza jambo hili wakiwa katikati ya watu wenye shida. Joseph Wresinski, padre aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1917 katika familia ya wahamiaji maskini, alikwenda mwaka 1956 kuishi katika kambi ya familia zisizo na makazi huko Noisy-le-Grand, karibu na Paris. Alikuta wenye nia njema wakigawa supu na nguo kuukuu. Yeye aliyekuwa ameonja umaskini tangu utotoni aliona mgao ule unavyowainamisha watu vichwa, akausimamisha. Badala yake, pamoja na familia zile, wakaanzisha maktaba, shule ya watoto wadogo na kanisa dogo. Tarehe 17 Oktoba 1987 watu zaidi ya 100,000 walikusanyika Paris, katika uwanja wa Trocadéro, pakazinduliwa bamba la jiwe lenye maneno yake. Linasema kwamba palipo na watu waliohukumiwa kuishi katika ufukara, hapo haki za binadamu zimevunjwa, na kwamba kuungana ili haki hizo ziheshimiwe ni wajibu mtakatifu. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa uliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya kutokomeza umaskini. Kuungana, wapendwa. Mtu aliyejua njaa kwa jina lake hakusema wajibu mtakatifu ni kutoa tu. Alisema ni kuungana.

Sisemi tuache sadaka. Mwenye njaa leo anakula leo, na anayemwambia asubiri mpaka sheria zibadilike hajawahi kulala bila kula. Ninachosema ni kwamba mkono unaotoa sadaka na kinywa kinachodai haki ni vya mwili mmoja, na makanisa yetu mengi yameuzoeza mkono yakasahau kinywa. Kitabu cha Mithali kinaamuru: "Fumbua kinywa chako, uhukumu kwa haki, uwapatie maskini na wahitaji haki yao." Haki yao. Kitu kilicho chao tayari.

Kuna aliyeniuliza majuzi, kwa upole kabisa, kama kazi hii ya sahihi na barua imewahi kuzaa chochote. Ni swali la haki. Jibu langu ni hili.

Mambo ya Walawi sura ya 25 inaagiza kwamba kila mwaka wa hamsini tarumbeta ipigwe, watumwa waachwe huru, na kila mtu airudie milki yake; mwaka huo ndio unaoitwa yubile. Katika miaka ya 1990 mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, Martin Dent, aliisoma sura hiyo akaiweka kando ya madeni ya nchi maskini, akauliza kwa nini mwaka 2000 usiwe mwaka wa yubile. Yeye na Bill Peters, mwanadiplomasia mstaafu, wakaanzisha kampeni iliyokuja kuitwa Jubilee 2000. Haikubebwa na matajiri. Ilibebwa na vikundi vya parokia na mitaa, wazee wastaafu, akina mama, wanafunzi, katika nchi zinazokopesha na nchi zinazodaiwa. Tarehe 16 Mei 1998, viongozi wa mataifa manane yenye nguvu walipokutana Birmingham, watu wapatao 70,000 walishikana mikono wakauzunguka mji. Kabla kampeni haijafungwa, sahihi zilikuwa zimefika milioni 24.

Mwaka 1999, huko Köln, Ujerumani, viongozi hao walikubali kupanua msamaha wa madeni, na mwaka 2005 wakaongeza mwingine. Kwa jumla madeni ya dola za Marekani zaidi ya bilioni 100 yalifutwa kwa nchi zaidi ya 30, nyingi zikiwa za Afrika. Tanzania, iliyokuwa miongoni mwa nchi hizo, iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2001, na watoto wakamiminika madarasani. Zambia iliondoa malipo katika vituo vya afya vijijini mwaka 2006. Fikiria mama aliyefika na mtoto mwenye homa, akaambiwa ingia. Hakujua habari za karatasi iliyosainiwa na mwanamke asiyemfahamu, mlangoni mwa kanisa, miaka kadhaa nyuma. Karatasi ile ilikuwa imemtangulia.

Kweli, deni limerudi. Ripoti ya mwaka 2024 ya shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, ilisema watu bilioni 3.3 wanaishi katika nchi zinazotumia fedha nyingi zaidi kulipa riba kuliko zinavyotumia kwa elimu au kwa afya. Ndiyo maana katika mwaka wa yubile wa Kanisa Katoliki, 2025, sauti zile zile zilisikika tena, na Papa Fransisko aliziomba nchi tajiri zisamehe madeni ya nchi zisizoweza kuyalipa. Ninyi mlioanza kampeni hizi mkiwa vijana na sasa mna mvi, najua inavyouma kubeba bango lile lile mara ya pili. Lakini hata Walawi 25 haikuandika yubile moja. Mungu alijua mashamba yatahama tena, akaweka tarumbeta ya kupigwa kila baada ya miaka hamsini.

Turudi kwa Nehemia, kwa sababu kuna mstari unaonichoma kila nikiusoma. Ni wa kumi. Amekwisha kuwashutumu wakuu, mkutano umenyamaza, hawana la kujibu. Hapo mtu mwingine angeshuka jukwaani. Yeye anaendelea, anasema kwamba hata yeye, na ndugu zake, na watumishi wake, wanawakopesha watu fedha na nafaka. Basi na tuiache riba hii. Tuiache. Anajihesabu ndani. Hata kama mkopo wake ulikuwa wa huruma, jina lake lilikuwa kwenye daftari la wadai, naye alilisema mbele ya wote.

Wanaojitolea wengi ninaowaheshimu wamepita mlango huo. Wamejiuliza nguo wanazovaa zimeshonwa na nani na kwa ujira gani. Wamejiuliza akiba yao imewekwa wapi na inakopeshwa kwa nani. Wameuliza ndani ya kanisa lenyewe, kama mfanyakazi wa usafi analipwa kwa wakati. Bila shauri hilo na nafsi, kampeni hugeuka kidole kinachonyoosheana. Na mabango yake huanza kubeba picha za watoto wenye nzi machoni, picha ambazo hakuna kati yetu angekubali mwanawe apigwe, tukidhani tunawatetea kumbe tunawavua nguo mara ya pili.

Jumapili moja nilisimama na mama mmoja wa kikundi chetu penye meza yake, mlangoni. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, maana za wiki iliyotangulia zote zilikuwa zimeondoka na waumini. Alikuja mzee mmoja ambaye huwa anaketi benchi la nyuma na kutoka kabla ya watu kusalimiana. Alipoona karatasi na watu wakiinama, alirudi hatua moja, akasema, "Mimi sina kitu, mama." Mama akamjibu, "Hatuchangishi leo, baba. Tunaomba jina lako tu." Mzee aliitazama karatasi kwa muda. Kisha akasema taratibu, kama anayejisemea, "Huwa naandikwa kwenye orodha ya wa kusaidiwa." Akaishika kalamu. Aliandika majina yake yote matatu, herufi moja moja, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo, na foleni nyuma yake ikasubiri bila mtu kukohoa.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Tulikuwa tumechapisha karatasi ile kwa ajili ya watu kama yeye, na katika kupanga kwetu kote hakuna aliyefikiri kumwomba asaini. Katika sura ya tano kilio kilianza kwa walioumia, na wao ndio waliokuwa mkutanoni wakati wakuu wanaahidi kurudisha mashamba na nyumba, wakisema, "Tutawarudishia." Waliyasikia maneno hayo kwa masikio yao. Benki ya Dunia inakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 800 wanaishi chini ya dola 3 kwa siku. Tukiwataja katika maombi tunawataja kama umati, na baadhi yao wanaketi benchi la nyuma.

Tuombe.

Bwana, wewe uliyesikia kilio cha watu na cha wake zao, tusikizishe. Utupe hasira iliyofanya shauri kwanza. Utuonyeshe majina yetu katika daftari la wadai, nasi tuyataje bila kulazimishwa. Uwatie nguvu wanaobisha hodi jioni hii wakiwa na karatasi mkononi, hasa wale waliofungiwa mlango mara tatu nao wanaelekea wa nne. Ulaini mioyo ya wanaoweza kusema, "Tutawarudishia," na ukawape ujasiri wa kulisema mbele ya watu. Umkumbuke mzee wetu na majina yake matatu. Jumapili ijayo, akitoka mapema kama kawaida yake, tumfuate nje. Amina.