Mwacheni mkulima, kura yake haitokani na ujinga

Kuna maneno huwa yananikera kila baada ya uchaguzi hapa Tanzania, niliyasikia 2010, nikayasikia tena 2015, na yanatoka kwa watu ninaowaheshimu kabisa, niliosoma nao chuo, watu wa maofisini: "tatizo ni hawa wa vijijini, hawajasoma, wakipewa kofia na kanga basi kura CCM". Kwenye grupu kila mtu anaitikia, stori inahamia kwenye mpira. Mimi sikubali, na leo naandika kwa kirefu kidogo.

Kilicho kweli tukiseme kwanza. Ukiangalia wabunge wa 2010 CHADEMA, chama kikubwa cha upinzani, ilibeba miji kwelikweli: Ubungo Mnyika, Kawe Halima Mdee, Arusha Mjini Lema, Mbeya Mjini Sugu, Iringa Mjini mchungaji Msigwa, Moshi Mjini mzee Ndesamburo ambaye alikuwa pale tangu 2000, na Mwanza wakachukua Nyamagana na Ilemela zote mbili. Vijijini sehemu kubwa ikabaki kijani, yaani kwa CCM, chama tawala. Urais Kikwete wa CCM asilimia 60 na kitu, Dk. Slaa wa CHADEMA 27 hivi. Na kwa sababu mjini ndo kwenye shule nzuri na mishahara, watu wakaunganisha haraka haraka, kwamba mwenye elimu na hela anaenda upinzani, maskini ambaye hajasoma anabaki chama tawala.

Sasa hebu twende Nyamagana. Wenje wa CHADEMA pale alimwangusha Lawrence Masha wa CCM, mwanasheria, tena alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Kama usomi ndo unaoamua, Masha angepita asubuhi na mapema. Nguvu ya upinzani kwenye ile miji haikuwa kwa wenye digrii, ilikuwa kwa machinga, kwa vijana wa daladala, kwa waliomaliza form four wakakosa pa kwenda. Mbeya hivyo hivyo, Sugu ni msanii wa hip hop, na 2011 machinga wa Mwanjelwa walipokuwa wanapambana na polisi aliyekuja akasikilizwa ni yeye. Wakati huo huo maprofesa wanaojulikana nchi nzima, Mwandosya, Muhongo, baadaye Kabudi, wote CCM. Wafanyabiashara wakubwa sihitaji hata kuwataja, mnajua wanachangia wapi wakati wa kampeni. Yaani juu kabisa kwenye elimu na hela unakutana na CCM tena, ile ile uliyoiacha kijijini kwa mtu asiye na kitu. Hapo hesabu ya shule na kipato imeshakufa.

Mimi ninavyoona swali sio umesoma kiasi gani wala unapata shilingi ngapi. Swali ni hiyo riziki yako inapita mkononi mwa nani.

Nichukue mfano ninaoujua vizuri, mama yangu mkubwa analima mahindi Songea vijijini. Kuanzia msimu wa 2008 zilikuja vocha za mbolea ya ruzuku, na majina ya watakaopata yalikuwa yanapitia kwenye kamati ya kijiji. Akivuna, soko la uhakika ni wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, yule NFRA, na mwaka ambao NFRA wamechelewa kununua au wamenunua kidogo, mahindi yanakaa ndani na walanguzi wanakuja na bei zao. Mjukuu akitaka barua ya kujiandikisha sehemu, anaanzia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ni nani? Ni kiongozi wa shina la CCM. Utaratibu huu umetoka enzi za chama kimoja, vyama vingi vimerudi 1992 lakini kule ndani balozi bado ni balozi, ndo anajua nani kafiwa, nani kagombana na mkewe, nani kakosa vocha. Kwa hiyo mama mkubwa akipiga kura anapiga hesabu ya jembe lake na mfuko wa mbolea, na hesabu yake iko sahihi kuliko ya mshkaji wangu mwenye masters anayemwita mjinga. Mwaka mmoja upinzani walishuka na chopa kwenye uwanja wa shule, watu wakajaa kuangalia, hotuba ilikuwa kali, nusu saa chopa ikapaa. Aliniambia, "mwanangu, walisema vizuri sana, lakini nikiwa na shida nawapata wapi?" Sikuwa na jibu na sijalipata mpaka leo.

Mwalimu naye, ana diploma au digrii yake safi, ila uhamisho, kupanda daraja, malimbikizo ya mshahara, vyote viko kwa mwajiri mmoja. Mfanyabiashara wa tenda ni vile vile. Lakini yule kijana wa bodaboda au muuza mitumba hana barua ya serikali yoyote mfukoni, serikali anaiona ikija kwa sura ya mgambo, kwa nini aiogope? Na Mchagga wa Kilimanjaro mwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo, duka mjini na watoto waliosomeshwa kwenye shule za misheni tangu enzi za babu, amezoea kujitegemea, uchumi wake una miguu mingi. Ndo maana Kilimanjaro ilishaanza ukaidi 1995 na Mrema, mgombea urais wa upinzani, kabla CHADEMA haijawa kubwa. Elimu ipo kwenye hiyo picha ndio, ila imekuja pamoja na uhuru wa kipato, ukiitoa peke yake unajidanganya.

Najua mtaniuliza Pemba, kule Zanzibar. Na mko sawa, Pemba inaisumbua hata hoja yangu. Kisiwa maskini, shule za shida, karafuu kwa sheria inauzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, kwa hiyo kwa mantiki yangu wangekuwa wapole. Lakini 1995 CUF, chama cha upinzani, ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba, na kiongozi wao Maalim Seif alipohamia chama kingine, ACT-Wazalendo, 2019 watu wakashusha bendera na kupandisha nyingine. Pale kuna historia nzito, vyama vya kabla ya mapinduzi ya 1964, na kumbukumbu ya kubaguliwa ambayo mtoto anaikuta mezani nyumbani kwao. Kuna majeraha ambayo vocha haiyafikii. Mtwara nako, mkoa ambao watu wa Dar wameuita wa nyuma kielimu miaka yote, 2013 waliingia barabarani kwa ajili ya gesi, na 2015 Mtwara Mjini ikaenda CUF. Nani aliwafundisha darasani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii dharau imeugharimu upinzani wenyewe. Ukiamini mtu hakuchagui kwa sababu ni mjinga, hutafungua tawi kwake, utamsubiri asome. CCM haimsubiri mtu, ina shina, tawi, kata, ina UWT kwa akina mama na UVCCM kwa vijana, mpaka viwanja vya mpira kama Kirumba na Sokoine ni vyake, urithi wa enzi ambazo chama na nchi vilikuwa kitu kimoja. Huwezi kushindana na hicho kitu kwa hotuba. Karatu na Tarime ni wakulima na wafugaji na waliwahi kuipa CHADEMA ubunge, kwa sababu pale kulikuwa na mtu wa kwao aliyekaa nao mwaka mzima, sio wiki ya kampeni.

Nimetumia matokeo ya 2010 na 2015 makusudi. Ya 2020 upinzani waliyakataa na bungeni walibaki wachache sana, na 2025 CHADEMA haikuwepo hata kwenye karatasi ya kura, sasa hapo utapima vipi nani anampenda nani. Kwa hiyo anayetaka kunipinga aje na kata yake, matokeo ya miaka ile, halafu aniambie watu wa pale walikuwa wanakula wapi na mbolea, soko au leseni wanapewa na nani. Hapo tutaelewana.