"Bwana, unisaidie": mama Mkanaani na mgonjwa aliye ndani mwetu

Tumsifu Yesu Kristo.

Injili ya Jumapili ya 20 ya Mwaka A ina aya nane tu, Mathayo 15:21-28. Tukiisoma haraka tunakimbilia aya ya mwisho, pale binti anapopona. Wiki hii tukae na zile za katikati, maana huko ndiko waliko wengi wetu wenye mgonjwa ndani.

Mama huyu ni Mkanaani wa pande za Tiro na Sidoni, nchi ambayo leo ni Lebanoni. Marko anamwita Msirofoinike. Ni mgeni wa taifa na wa dini, na hakuna ndugu anayetajwa kumsemea. Anakuja akipaza sauti amwite Yesu Mwana wa Daudi, na ombi lake la kwanza ni "unirehemu". Mgonjwa ni binti, lakini anayeomba kuhurumiwa ni mama. Aliyewahi kuuguza mtoto anaielewa lugha hiyo bila kufafanuliwa: homa iko mwilini mwa mtoto, usingizi umetoka machoni pa mama.

Anachopata kwanza ni kimya. Mathayo anaandika wazi kwamba Yesu hakumjibu neno. Halafu wanafunzi wanaomba aondolewe kwa sababu anapiga kelele nyuma yao. Halafu Yesu anasema hakutumwa ila kwa kondoo waliopotea wa nyumba ya Israeli. Mtu mwingine angegeuka na kurudi kwao. Yeye anasogea karibu zaidi, anasujudu, na maneno yanapungua. Mwanzoni alikuwa na cheo cha Yesu na maelezo ya ugonjwa, sasa yamebaki mawili: "Bwana, unisaidie."

Ndipo linakuja neno gumu: si vema kukitwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa. Tusilirembe. Kiyunani kinatumia jina la udogo, vijibwa vya nyumbani vinavyolala chini ya meza, wala si mbwa koko wa jalalani. Hilo linapunguza ukali, haliuondoi. Naye anajibu ndiyo, Bwana, lakini hata hao hula makombo yanayoanguka mezani. Unyenyekevu wake uko katika "ndiyo" hiyo. Imani yake iko katika "lakini" inayofuata. Hagombani kuhusu nafasi aliyopewa, na wala hakubali kuondoka kwenye nafasi hiyo akiwa na njaa.

Anayefahamu mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, ataelewa habari ya makombo kuliko wafafanuzi wengi. Gunia la dagaa likishushwa, mshono ukiachia kidogo, dagaa humwagika chini. Anayepita na ufagio na ungo akikusanya zilizoanguka anajua kwamba ni dagaa zilezile: zimetoka ziwa lile lile, kwa taa zile zile, zimekauka kwa jua lile lile. Mama huyu aliamini kwamba kombo la mkate wa Yesu ni mkate uleule wa mezani. Hakuhitaji sahani.

Yesu anamwambia: "Mama, imani yako ni kubwa." Sura moja tu kabla ya hapo, katika Ziwa Galilaya, Petro alianza kuzama na kuambiwa ana imani haba. (Kwa sisi tuliozoea Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, lile ni ziwa dogo: kilomita za mraba 166 hivi, halifiki theluthi ya kisiwa cha Ukerewe. Upepo wake lakini unazamisha vilevile.) Katika Mathayo ni watu wawili tu ambao Yesu anaisifu imani yao kwa ukubwa wake, akida wa Kapernaumu na mama huyu, na wote wawili ni watu wa mataifa. Maneno ya akida tunayasema kila Misa kabla ya komunyo: sistahili, lakini sema neno tu. Ni "ndiyo" na "lakini" zilezile.

Sasa twende nyumbani.

Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Panda mlima wa Bugando, kwenye hospitali, siku ya kliniki utawaona akina mama: mmoja katoka Nansio kwa meli, mwingine Sengerema kupitia daraja la Kigongo–Busisi, mtoto mgongoni amefunikwa sweta hata jua likiwa kali, chupa ya chai yenye uji mkononi. Tunasema nao kwanza, kwa sababu Injili hii inaweza kutumika vibaya dhidi yao. Mama wa Tiro alisema binti yake amepagawa na pepo. Wapo wanaodaka neno hilo na kumwambia mama wa hapa kwamba macho ya njano ya mtoto wake na mikono inayovimba ni pepo au ni laana ya ukoo. Si kweli. Mtoto hurithi chembe ya ugonjwa huu kwa baba na kwa mama, wote wawili, ambao mara nyingi wenyewe ni wazima kabisa. Wazazi wakiwa wote wameibeba, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mtoto mgonjwa. Hakuna aliyeroga, na mama hakukosea kitu.

Kung'ang'ania kwa imani katika nyumba hiyo kuna sura ya kila siku. Kuna kidonge cha foliki kila asubuhi. Kuna penisilini mara mbili kwa siku mpaka mtoto atimize miaka mitano. Kuna haidroksiyurea kwa aliyeandikiwa, dawa inayochukua miezi kabla matunda yake hayajaonekana na inayodai damu ipimwe mara kwa mara. Kuna chandarua, na maji ya kunywa mchana kutwa, kwa sababu mwili ukikaukiwa chembe za damu zilizopinda kama mundu huziba mishipa na maumivu huanza. Upepo wa ziwa wa alfajiri na kuoga maji ya baridi huamsha maumivu hayohayo. Mama anayefanya haya miaka saba bila kuona muujiza wa jukwaani anasali sala ndefu kuliko anavyodhani.

Inapoharibika huwa ni hivi. Mtoto anaombewa, wiki mbili anapita bila maumivu, familia inatangaza amepona na vidonge vinawekwa juu ya kabati. Ukimya wa seli mundu kati ya vipindi vya maumivu ni tabia ya ugonjwa wenyewe, haujathibitisha kitu. Kama Bwana amemponya, vipimo vitasema, na kipimo hakimtukanishi Mungu. Yesu mwenyewe aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa wapimaji wa wakati ule. Hivyo hivyo kwa dozi ya kifua kikuu ya miezi sita, kwa ARV, kwa vidonge vya presha: asiyeiandika dawa asiifute.

Kosa la pili linaua haraka zaidi. Mtoto wa seli mundu akipata homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, au akipauka ghafla, au tumbo upande wa kushoto likavimba kwa bandama, aende hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku. Homa hiyo haingoji siku ya tisa ya novena. Novena isaliwe njiani, mtoto akiwa mapajani.

Kuna jambo jingine tunalolibeba kwa uchungu, la Mpako wa Wagonjwa. Bado katika jumuiya nyingi padre anaitwa mgonjwa akiwa ameshapoteza fahamu, kwa hofu kwamba mafuta ni tangazo la kifo. Jina la zamani, mpako wa mwisho, limefanya kazi hiyo mbaya, ingawa utaratibu wa sasa uliowekwa na Papa Paulo VI mwaka 1972 unasema wazi: ni kwa anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Anayesubiri upasuaji mkubwa anastahili. Mzee aliyedhoofika anastahili, hata bila ugonjwa unaojulikana. Na akipona kisha akaugua tena, au hali ikizidi, anapakwa tena. Mtoto mdogo ambaye hajafikia umri wa kutambua, kwa kawaida miaka saba hivi, hapakwi. Yeye aombewe baraka ya wagonjwa, na padre ataangalia kama apewe kipaimara iwapo maisha yako hatarini.

Mwiteni padre mgonjwa akiwa bado anaweza kuongea, ili aungame. Andaeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na maji ya baraka, na glasi ya maji ya kunywa pamoja na kijiko: akimeza kwa shida, mwambieni padre mapema, atampa kipande kidogo tu cha hostia. Zimeni redio. Majirani wakae, wasibaki nje ukumbini, kwa sababu Yakobo 5 inazungumzia sala ya Kanisa na Kanisa ni wao. Kabla ya kumpaka kipaji cha uso na viganja, padre humwekea mgonjwa mikono kichwani bila kusema kitu. Wengi huona ni sekunde tupu, wengine huanzisha wimbo kuzijaza. Tafadhali msiimbe hapo. Kimya kile kina mkono juu ya kichwa, na anayeugua hukisikia vizuri. Huenda na kile kimya cha njiani kule Tiro kilikuwa cha namna hiyo, ingawa mama alikuwa bado hajaguswa.

Kuhusu fedha tutasema kwa ufupi. Nabii Elisha hakupokea chochote katika talanta kumi za fedha na vipande elfu sita vya dhahabu alivyokuja navyo Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyemkimbilia Naamani nyuma akapata talanta mbili, mavazi mawili, na ukoma wa Naamani. Anayekuuzia chupa ya mafuta au kukutajia kiasi cha sadaka ya "kupanda mbegu" ili mtoto apone, umwache na chupa yake. Nauli ya kliniki ni takatifu zaidi.

Na asiyepona? Mtume Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, na jibu likawa: "Neema yangu yakutosha." Hakuambiwa imani yake ni haba. Kwa hiyo mtu yeyote katika jumuiya asimwambie mgonjwa au mzazi wake kwamba angeamini zaidi angepona. Neno hilo limewafukuza watu kanisani wakiwa katika wiki ambayo walihitaji kanisa kuliko zote. Wanafunzi nao walitaka mama aondolewe kwa sababu kelele zake ziliwachosha, Yesu hakumwondoa.

Wiki hii tunapendekeza sala yake ile fupi, "Bwana, unisaidie", isaliwe wakati wa kumpa mgonjwa dawa, asubuhi na jioni, maneno hayo mawili tu na jina la mgonjwa. Usimpangie Mungu siku wala njia. Ukikosa maneno zaidi usiyatafute.

Na Alhamisi au Jumamosi jumuiya itakapokutana kwenye nyumba yenye mgonjwa, wenyeji wasidaiwe ushuhuda. Baada ya Rozari, mmoja wetu akae na mama pembeni amuulize dawa zimebaki za siku ngapi, tarehe ya kliniki ni lini, na nani atabaki na wadogo siku hiyo. Mfuko wa jumuiya ufunguliwe hapohapo. Marko anatuambia kwamba yule mama alirudi nyumbani kwake na kumkuta mtoto amelazwa kitandani. Alitembea njia yote ile akiwa na neno tu. Mama wa kwetu akiteremka mlima wa Bugando jioni, awe na wa kumpokea mtoto mgongoni.