Oili nyeupe kama tui

Jamani, leo nimetoka jasho hadi masikioni.

Mnalijua lile tela letu kuukuu la kulala, ambalo nusu ya juu hupandishwa kwa haidroliki, yaani kwa oili inayosukumwa na pampu? Miaka yote lipo hapa Malindi linakula chumvi ya bahari. Asubuhi nabonyeza swichi, pampu inanguruma, paa linafika nusu, linatetemeka, kisha linashuka polepole kama mzee anayekaa kitako.

Fundi akaja. Tulipolipandisha tena, akalitegemeza kwa boriti mbili za mkoko kabla hajagusa kitu. "Mimi siingii chini ya kitu kilichoshikwa na oili tu, bwana."

Akafungua tangi. Nikachungulia.

Nyeupe! Nyeupe kama tui zito. Maji ya mvua yalishaingia, maana mfuniko haukuwa na mpira wake. (Aliyeupoteza ni mimi. Nakiri.)

Tumemwaga yote, tumebadilisha sili (mpira unaozuia oili kuvuja), tumetia oili mpya, tukapandisha na kushusha mara kadhaa hewa itoke. Limepanda!

Ila fimbo ya silinda, ile inayotoka na kuingia paa likipanda na kushuka, ina vidoa vya kutu, na fundi anasema vitaikwaruza sili mpya.

Wenzangu wa pwani, nyinyi vyuma kama hivi mnavitunzaje? Nijibuni upesi, Jumamosi nina wageni.