Kitabu Kisicho na Jalada

Jumamosi ile nilikwenda maktaba kwa shida moja tu. Mpelelezi niliyekuwa nikimfuata tangu likizo ianze alikuwa ameachwa, mwishoni mwa kitabu cha pili, amefungiwa ndani ya ghala linaloungua, na kitabu cha tatu kilikuwa mikononi mwa mwazimaji mwingine. Siku tano nilizosubiri nilimwokoa kichwani mwangu kwa kila njia, na hakuna hata moja iliyoniridhisha. Nilikuwa na miaka 14 na sikuwa na haja nyingine duniani.

Nilikuta mlango wazi, vitabu viko sakafuni. Mvua ya usiku ilikuwa imepata upenyo kwenye paa, ikateremka na ukuta wa nyuma mpaka rafu za chini. Vitabu vilivyolowa chapachapa vilisimamishwa wima juu ya meza, kurasa zimeachanishwa kama mkia wa tausi, karatasi nyeupe zimechomekwa katikati zinyonye maji. Vile vilivyopata unyevu tu vilikuwa vimeshushwa harakaharaka na kurundikwa katikati ya chumba, kichuguu kizima, na vingi vilikuwa vimebandukwa na vibandiko vya namba migongoni. Vibandiko vyenyewe vilitapakaa chini. Kimoja kilikuwa kimegandia soli ya kiatu cha mkutubi, naye anatembea nacho huku na huku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo hatuazimishi."

"Nilikuwa nataka kimoja tu."

"Hata nusu. Mpaka kila kimoja kirudi kwao."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alivuta droo ya meza yake, akatoa kitabu cha tatu, kikavu kabisa, akakiweka mbele yangu na kiganja chake juu yake.

"Huu ujira wako wa jioni," akasema. "Kunja suruali, baba, sakafu ina maji."

Kazi aliieleza kwa dakika mbili. Alikuwa amepanga makasha 11 kando ya ukuta. Kumi yaliandikwa tarakimu kwa chaki, kuanzia 0 hadi 9. La mwisho liliandikwa R, yaani riwaya. Nilichotakiwa ni kuokota kitabu kisicho na kibandiko, kukifungua, kusoma kidogo, kisha kuamua kinakwenda kasha gani. Namba kamili angeiandika yeye baadaye. Tarakimu zile ni za mpango alioutunga Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, mwaka 1876: elimu yote ya binadamu inagawanywa mafungu 10, kila fungu linagawanywa 10 tena, kisha tena, mpaka yanapatikana 1,000, na baada ya hapo unaweka nukta na kuendelea utakavyo. Mia moja falsafa, mia mbili dini, mia tatu mambo ya jamii, mia tano sayansi, mia sita tiba na ufundi, mia tisa historia na safari. Mengine aliyataja nikayasahau pale pale.

Niliona ni kazi ya mtoto. Kwangu mimi vitabu vilikuwa vya namna mbili, vya hadithi na vya mtihani, na tofauti yake uliisikia mkononi kabla hujafungua. Vya hadithi vina mtu ndani yake. Vya mtihani vina vichwa vya habari. Na katika vya hadithi, vya maana ni vile ambavyo mtu anakufa kufikia ukurasa wa 20. Riwaya za mapenzi nilizikwepa kama mtu anavyokwepa shangazi mwenye maswali mengi, na mashairi sikuwa na ugomvi nayo kwa sababu hatukuwahi kukutana.

Saa ya kwanza ikanivua nguo.

Nilifungua kitabu kinachoanza na baharia anayejifunga kwenye mlingoti kwa kamba wakati wimbi linapanda sitaha. Nikakitupa R. Mkutubi alipita, akakitoa, akanifungulia katikati: picha za baharia mwenyewe, kakonda, ndevu mpaka kifuani, na ramani ya njia aliyopita. Mia tisa na kumi, safari. "Lakini anaanza kama hadithi," nikasema. "Ulitaka aanze kama risiti?" akajibu, akaenda zake.

Basi nikawa mwangalifu. Kilichofuata kilikuwa na dibaji inayoeleza jinsi hati za kale zilivyopatikana ndani ya sanduku, tarehe kila ukurasa, tanbihi chini kwa herufi ndogo. Nikakipeleka kwa heshima kwenye kasha la 9, historia. Naye akakirudisha R bila hata kukifungua, maana alikuwa amekisoma. Sanduku halikuwepo. Hati hazikuwepo. Tanbihi mwandishi alizitunga mwenyewe, moja moja. Nilikasirika kweli, sikujua kwamba dibaji nayo inaweza kusema uongo. Mpaka leo nikifika kwenye dibaji hupunguza mwendo.

Halafu zikaja hadithi za sungura na fisi. Hapa sikuwa na shaka: wanyama wanaosema, R. Kumbe hadithi za mapokeo zina namba, 398, ndani ya kasha la 3, pamoja na sheria, uchumi na elimu. Sungura na benki kuu rafu moja. Mizimu na majumba yenye vivuli ni 133, kwenye kasha la falsafa. Mashairi na tamthilia ni kasha la 8. Nyuki nao walinichanganya kuliko wote: nyuki kama mdudu yuko 595, nyuki wa mzinga anayefugwa yuko 638, na akishageuka asali mezani anahamia 641. Riwaya peke yake ndizo hazikuwa na namba pale kwetu. Zilipangwa kwa jina la mwandishi tu, kama watu wa familia moja waliokubaliana kutoulizana umri.

Nilipolalamika kwamba upelelezi ungepewa angalau kasha lake, mkutubi alicheka. Akaniambia aina hiyo ninayoiona kama imekuwepo tangu dunia iumbwe, wengi huihesabu kuanzia mwaka 1841, kwa hadithi fupi ya Edgar Allan Poe. Treni za abiria zilitangulia. Hilo liliniuma kidogo, sijui kwa nini.

Ilikuwa mchana nilipokiokota kile kisicho na jalada. Gundi ilikuwa imeachia, jalada limekwenda zake na kurasa za mwanzo, kikabaki kiunzi kilichoshikwa na uzi. Hakuna jina la kitabu, hakuna mwandishi, hakuna dibaji ya kunidanganya. Kilianzia katikati ya sentensi, usiku wa tarehe 31 Agosti 1854, katika mtaa mmoja wa London. Watu wanakufa. Mtu anaamka mzima, jioni anazikwa. Nyumba baada ya nyumba, kisha nyumba moja inarukwa, kisha inayofuata inafagiwa yote. Nikachuchumaa palepale. Maji yalikuwa yakiingia kwenye kiatu, nikayaacha.

Akatokea daktari mmoja mkimya, asiyekunywa pombe, anayebisha hodi mlango kwa mlango akiuliza maswali ambayo hakuna aliyeyaona ya maana. Wakubwa wote wanasema ni hewa mbaya, ni harufu. Yeye anauliza: mnachota maji wapi? Karibu kila jibu linampeleka kwenye bomba moja la mkono pale Broad Street. Karibu kila jibu, si kila jibu. Hapo ndipo nilipomtambua kuwa ni wa kwetu, kwa sababu mpelelezi wa kweli hashughulishwi na wanaofanana, bali na yule mmoja asiyefanana. Katika kiwanda cha bia kilicho jirani kabisa na lile bomba, wafanyakazi wanadunda tu. Nikamshuku mwenye kiwanda papo hapo. Niliona kabisa jinsi alivyofanya na kwa nini. Kurasa mbili mbele ikabainika kwamba wafanyakazi hupewa bia na kiwanda kina kisima chake. Maji ya bomba hawayagusi.

Kisha mjane. Anaishi Hampstead, mbali na balaa lote, hewa safi, na amekufa kwa ugonjwa uleule. Mpwa wake anaishi Islington, upande mwingine, naye amekufa. Wanahusianaje na bomba? Nilifunga macho nikajaribu kulitatua mwenyewe kabla ya kufungua ukurasa, kama nilivyozoea. Sikuweza. Mtoto wa yule mama ndiye aliyemweleza daktari: mama aliwahi kuishi mtaa ule, akayapenda maji yake, ladha yake, na alikuwa akiletewa chupa hadi nyumbani. Mpwa alikuja kumtembelea, akanywa, akarudi kwake.

Nilipiga kelele. Si neno, kelele tu. Mkutubi aligeuka kule mezani, akaona sijaumia, akaendelea na yake.

Kilikuwa na ramani, lakini kurasa zake mbili zilikuwa zimegandana. Nilimpelekea. Alichukua kisu cha karatasi, chembamba, butu, akakipitisha kati yake taratibu mno, akipumua kwa pua, akisimama kila inchi kusikiliza. Kona moja ilichanika, ramani ikafunguka. Mitaa, na mbele ya kila nyumba vijistari vyeusi vimepangwa kama matofali, kila kijistari maiti mmoja. Kwenye nyumba nyingine kimoja. Karibu na bomba vimepandana hadi kuziba njia. Nikarudi kwenye makasha nikakiweka R, juu kabisa, nijue pa kukipata.

Jioni alipokuwa akikagua akaniita.

"Hiki nani kakiweka hapa?"

"Mimi. Ni cha upelelezi."

"Hiki ni kasha la 6, mwanangu. Mia sita kumi na nne. Kipindupindu."

Nikamwambia hapana, kuna daktari. Akasema daktari alikuwepo, jina lake John Snow. Na kiwanda? Kilikuwepo. Mjane je? Alikuwepo, na mpwa wake. Zaidi ya watu 600 wa mtaa ule na jirani yake, walikuwepo wote.

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimefurahi mjane alipokufa. Katika riwaya zangu maiti wa pili ni habari njema. Ndiye anayemwangusha muuaji. Nilikuwa nimekaa pale sakafuni nikishangilia chupa ya maji ambayo mwanamke fulani aliimiminia glasi akamkaribisha mtoto wa ndugu yake. Sijawahi kumweleza mtu jambo hili vizuri, na hata sasa naona nalizunguka. Kitabu hakikuwa kimebadilika hata herufi. Nilirudia ukurasa uleule nikausoma kwa sauti nyingine.

"Muuaji alikamatwa?" nikauliza mwishowe.

Alifikiri. Mkono wa bomba uling'olewa tarehe 8 Septemba, akasema, ingawa kufikia hapo vifo vilishaanza kupungua vyenyewe. Kuna mchungaji mmoja wa pale, Henry Whitehead, aliyejitosa ili kumthibitishia Snow kwamba amekosea, akaishia kumpata mtoto mchanga aliyeugua katika nyumba iliyo jirani na kisima cha lile bomba, ambaye nepi zake zilifuliwa na maji kumwagwa kwenye shimo linalovujia kisimani. Snow alikufa mwaka 1858, wengi bado wanashikilia habari ya hewa. Bakteria mwenyewe alikuja kuanikwa wazi na Robert Koch miaka ya 1880.

"Kwa hiyo alitambuliwa," akasema. "Kukamatwa, bado. Anaua mpaka leo."

Alisimama akaenda kwenye kabati la droo ndogondogo lililokuwa nyuma yake siku nzima, lile alilokuwa akiliegemea kwa kiwiko kila nilipomuuliza swali. Akavuta droo, akapekua kadi, akatoa moja, akanakili namba kwa penseli kwenye ukurasa wa kwanza uliosalia: 614.514. Nikaikodolea macho ile kadi. Ilikuwa na jina la kitabu, mwandishi, idadi ya kurasa, namba. Droo zote zilikuwa kavu.

"Mama, hizi kadi ziko kwa kila kitabu?"

"Kwa kila kitabu."

"Na zina namba?"

"Zina namba."

Kwa vile vyenye majalada, yaani karibu vyote, ningeweza kupata jibu bila kusoma hata mstari. Baharia, sanduku la hati, nyuki. Nilimtazama, naye akanitazama bila aibu yoyote, kisha akaanza kukusanya karatasi zilizolowa.

Alinipa ujira wangu, na kile kisicho na jalada akakifunga kwa gazeti na uzi akanipa pia, kinyume cha kanuni zake mwenyewe. Mpelelezi wangu nilimsoma siku ya tatu. Alitoka ghalani kwa kupitia mfereji, njia ambayo sikuifikiria, na kilikuwa kitabu kizuri. Sikuuacha upelelezi wala sina mpango huo.

Lakini usiku ule nilisoma cha gazeti mpaka mwisho, nikirudi kwenye ramani kila mara, kidole juu ya ile kona iliyochanika. Koo likanikauka. Nikaenda jikoni gizani, nikajaza kikombe, nikakileta hadi kwenye mwanga. Maji yalikuwa safi kabisa, hayana rangi, hayana harufu. Nilisimama nayo mkononi muda mrefu.